Watazamaji walibaki, hela ikaondoka: kisa cha matangazo ya YouTube 2017

Watu wengi wakiona video ina watazamaji milioni moja wanajua moja kwa moja huyo jamaa ashavuta mkwanja, yaani kichwani mwao YouTube ina bei ya kila mtazamaji, unazidisha tu unapata mshahara. Ndo maana kila siku kuna mtu anauliza watazamaji elfu moja ni hela ngapi. Swali halina jibu moja, na kisa kinachoonesha vizuri kwanini halina ni kile cha 2017, ambacho wenye chaneli wenyewe walikibatiza Adpocalypse, kiama cha matangazo. Tatizo mwaka ule halikuwa watazamaji kabisa. Februari 2017 YouTube walitoka kifua mbele wakatangaza kwamba watu wanatazama saa bilioni moja za video kila siku, na wiki chache tu baadae kuna watu wenye chaneli kubwa, za siku nyingi, wanaangalia kipato chao kinaporomoka huku wanaotazama wapo palepale.

Nakichambua hiki kisa polepole maana ndani yake kuna karibu kila kitu mtu anachotakiwa kujua kuhusu hela za video.

Tuanze na hela inakotoka. Google waliinunua YouTube mwishoni mwa 2006 kwa dola bilioni 1.65, na 2007 wakaanzisha mpango wa washirika, mwenye chaneli anakubali video zake ziwekewe matangazo na kinachopatikana wanagawana. Kwa video za kawaida ndefu mgao ni asilimia 55 kwa mwenye video, 45 inabaki YouTube. Sasa watu wanadhani hiyo 55 ni ya kiasi fulani kilichopangwa mahali, hapana. Kila nafasi ya tangazo inauzwa kwa mnada, na mnada unaanza na kuisha kabla hata video haijafunguka vizuri: mitambo inauliza nani anamtaka huyu anayetazama sasa hivi, yupo nchi gani, anatumia simu au tv, video yenyewe inahusu nini, na wenye matangazo walishaacha maagizo yao mapema kwamba mtu wa aina hii naweza kufika bei hii, yule sitaki hata bure. Anayeshinda tangazo lake linaonekana. Asipotokea mtu hakuna tangazo, na wewe mwenye video hupati senti hapo hata kama mtu katazama mpaka mwisho na kuandika komenti ndefu ya pongezi. Alafu kuna yale matangazo ya kurukwa baada ya sekunde 5, mtu akiruka mapema mwenye tangazo kwa kawaida halipi kitu, analipia likitazamwa sekunde 30 au lote kama ni fupi kuliko hapo, au mtu akilibonyeza.

Kuna vipimo viwili vinachanganywa sana, CPM na RPM. CPM ni anacholipa mwenye tangazo kwa tangazo kuonekana mara elfu. RPM ni unachopata wewe, baada ya mgao, kwa kila mara elfu video yako inapotazamwa, na humo zimo zile zote ambazo hazikuwa na tangazo hata moja. Watu wanapiga picha CPM wanaposti wanavimba, mwisho wa mwezi kinachoingia hakifanani na picha.

Tuchukue mfano, namba nazitunga ili hesabu ionekane. Video imetazamwa mara 1,000. Matangazo yameonekana mara 400 tu, zilizobaki hazikupata mnunuzi au mtu ana kizuizi cha matangazo. CPM ni dola 5, kwahiyo kwenye zile 400 zimeingia dola 2, asilimia 55 yako ni dola 1 na senti 10. Sasa wanunuzi wapungue mnadani. Bei inashuka mpaka dola 3, na nafasi zinazopata mnunuzi zinashuka mpaka 250. Zimeingia senti 75, zako ni kama senti 41. Watazamaji ni wale wale 1,000, hakuna aliyekufungia video, hakuna onyo, hakuna barua pepe, ila hela imeshuka zaidi ya nusu. Huo mfano ushike kwa sababu ndo kilichowakuta watu wengi 2017, na ndo sehemu ambayo hawakuielewa, kila mtu alikuwa anatafuta video gani yake imefungiwa wakati nyingine wala hazikufungiwa.

Haya, kisa chenyewe. Tarehe 9 Februari 2017 gazeti la The Times la London linatoa habari kwamba matangazo ya majina makubwa yanaonekana kwenye video za wanaoshabikia Islamic State na za manazi mamboleo. Walitajwa Mercedes-Benz, duka la Waitrose, mpaka taasisi ya hisani ya Marie Curie, na wao hawakuwa wamechagua kukaa hapo, mnada ndo uliwaweka. Na kumbuka mgao, tangazo likionekana kwenye video ya chaneli iliyojiunga na mpango wa washirika kuna asilimia inaenda kwa aliyeiweka, kwahiyo hoja ya gazeti haikuwa aibu tu ya kukaa jirani na watu wabaya, ilikuwa kwamba makampuni yanaweza kuwa yanawachangia hela. Siku chache baadae The Wall Street Journal nao wanatoka na habari ya PewDiePie, wakati huo mwenye chaneli ya mtu binafsi kubwa kuliko zote, wafuasi zaidi ya milioni 50, kwamba kwenye video zake kadhaa kuna utani wa kinazi na wa kuwatukana Wayahudi. Maker Studios ya Disney wakavunja nae mkataba, YouTube wakafuta msimu wa pili wa kipindi chake cha kulipia na kumtoa Google Preferred, lile kapu la chaneli za juu zilizokuwa zinauzwa kwa watangazaji kwa bei ya juu.

Mwezi Machi ndo moto ukawaka kweli. Serikali ya Uingereza ikasimamisha matangazo yake YouTube na kuwaita Google wajieleze, gazeti la The Guardian likajitoa, kampuni ya kununua matangazo Havas tawi la Uingereza ikawatoa wateja wake wote. Tarehe 20 Machi Matt Brittin, mkubwa wa Google upande wa Ulaya, akaomba radhi mbele ya mkutano wa watu wa matangazo London. Haikusaidia. Siku mbili mbele AT&T, Verizon na Johnson & Johnson wa Marekani nao wakatangaza kusimamisha, na kabla wiki haijaisha PepsiCo, Walmart na Starbucks wamo. Angalia kitu kimoja hapo, AT&T walisema wanatoa matangazo yao sehemu za Google ambazo sio za utafutaji. Yaani ya kwenye utafutaji wa Google waliyaacha. Hawakuwa na ugomvi na Google kama Google, walikuwa wanakimbia kukaa jirani na video ya mtu wasiyemjua.

Na hapo ndo utaelewa bidhaa inayouzwa ni nini. Wengi tunadhani tunauza macho ya watazamaji, na ni kweli nusu. Nusu nyingine ni ujirani: kampuni inanunua ruhusa ya kukaa pembeni ya kazi yako, na ruhusa hiyo inaweza kuiona haina thamani kesho asubuhi kwa sababu ya mtu mwingine kabisa, wa lugha nyingine, ambae wewe hujawahi kumsikia. Mpika keki na mchambuzi wa michezo ya kompyuta hawana uhusiano wowote na Islamic State lakini wapo mnada mmoja, na walioondoka waliondoka kwenye mnada wote, sio kwenye zile video mbaya peke yake.

Google wangefanya nini? Wakati ule namba waliyokuwa wanaitoa ni saa 400 za video zinazopakiwa kila dakika. Hakuna jeshi la watu linaloweza kukaa kuangalia hicho kitu, kwahiyo kazi wakapewa mashine ziamue video ipi inafaa tangazo na ipi haifai, na wenye matangazo wakaongezewa vibonyezo vya kukataa: sitaki habari za vita, sitaki misiba, sitaki matusi, sitaki siasa. Mashine haijui tofauti ya mtu anayefundisha historia ya vita na mtu anayeshabikia vita. Inaona bunduki, inaona neno, inaweka alama.

Maoni yangu, na hapa ni mimi nasema sio wao, mashine ile ilielekezwa ikosee upande mmoja kwa makusudi. Piga hesabu tu. Tangazo la kampuni kubwa likikaa kwenye video mbaya ni habari ya ukurasa wa kwanza na mamilioni ya dola yanaondoka. Video nzuri ya mtu ikinyimwa matangazo kimakosa ni malalamiko kwenye Twitter. Ukiwa wewe ndo unaendesha ile biashara unaogopa kosa lipi? Lawama zikamwangukia mwenye video kwa sababu yeye ndo asiyeweza kuondoka, mwenye tangazo ana tv, ana redio, ana Facebook, mwenye chaneli atahamia wapi.

Agosti 2017 ikaja alama ya dola ya njano. Kijani maana yake matangazo yote, njano maana yake matangazo kidogo au hakuna. Kwa haki yao ilikuwa afadhali kuliko kukaa gizani, maana angalau mtu anajua na anaweza kukata rufaa mtu wa kweli akaiangalia video. Ila rufaa inachukua muda na video haisubiri. Kwa chaneli nyingi, hasa za habari na mambo ya siku, sehemu kubwa ya kutazamwa ni siku za mwanzo, sasa dola inakuja kugeuka kijani siku ya nne wakati watu walishapita, umeshinda kesi na hela imeenda. Ndo watu wakaanza ule mtindo wa kupakia video ikiwa imefichwa, wanasubiri mashine imalize kuikagua, ndo wanaifungua kwa watu. YouTube wenyewe wakaja kuuweka rasmi 2021, hatua ya ukaguzi ipo ndani ya kupakia.

Visa viwili vidogo ndani ya hiki kikubwa vinafundisha sana.

Cha kwanza Aprili 2017. Wall Street Journal walikuwa wameonesha picha za matangazo ya makampuni makubwa yakiwa kwenye video ya kibaguzi. Ethan Klein wa chaneli ya h3h3 akatoa video kulituhumu gazeti kwamba picha ni za kutengeneza, ushahidi wake ni kwamba aliyeipakia ile video alionesha akaunti yake na hela ilikuwa imekatika siku nyingi, sasa tangazo litatokaje? Ikaonekana haraka kwamba video ile ilikuwa imedaiwa na kampuni nyingine kupitia Content ID, ule mfumo unaotambua muziki au picha za mtu na kumpa mwenye haki uchaguzi wa kuifunga video au kuchukua yeye hela yake. Yaani matangazo yaliweza kuendelea kutoka vizuri tu, ila hela inaenda kwa mdai. Klein akaiondoa video yake. Somo la kiufundi hapo ni zito: sifuri kwenye akaunti yako haina maana video yako haina matangazo, maana yake ni kwamba wewe hulipwi. Ni vitu viwili tofauti, vishike hivo hivo mpaka mwisho wa kisa.

Cha pili Oktoba. Baada ya mauaji ya risasi ya Las Vegas, Casey Neistat, mtengeneza video maarufu wa YouTube, akatengeneza video ya kuwachangia waathirika, akasema na hela ya matangazo ya video hiyo ataitoa yote. Ikanyimwa matangazo. YouTube wakajibu kwamba sera yao haiweki matangazo kwenye video za misiba hata nia ikiwa njema. Sawa, sera ni sera, ila watu wakaenda wakakuta video ya Jimmy Kimmel, mtangazaji wa tv, akizungumzia mauaji yale yale, ina tangazo. Maelezo yakawa kwamba baadhi ya washirika wakubwa wanauza matangazo yao wenyewe. Hapo ndo ikajulikana hadharani kwamba kuna milango miwili. Kituo cha tv kina watu wa mauzo wanaoongea na kampuni uso kwa uso, inajua inakaa wapi na inakubali. Sisi wengine tunauzwa kwa mafungu na mashine, hakuna wa kututetea kwa mnunuzi.

Mwaka haukuisha vizuri. Novemba zikaja habari za video za watoto zenye komenti za watu wenye nia chafu, Mars, Adidas, Lidl, Deutsche Bank wakasimamisha matangazo. Siku ya mwisho ya Desemba Logan Paul, mmoja wa wenye chaneli kubwa, akaweka video ya msitu wa Aokigahara wa Japani ikionesha mwili wa mtu aliyejiua. Kelele dunia nzima.

Sasa angalia adhabu iliangukia wapi. Logan Paul alitolewa Google Preferred, hiyo kweli. Ila tarehe 16 Januari 2018 ikatangazwa sheria mpya kwa kila mtu: kugawana matangazo lazima chaneli iwe na wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12. Kabla ya hapo, tangu Aprili 2017, kigezo kilikuwa kutazamwa mara 10,000 tu toka chaneli ianze. Waliokuwa tayari ndani na hawafikishi wakapewa mpaka 20 Februari, baada ya hapo nje. Na YouTube wenyewe walisema kwenye tangazo lile kwamba asilimia 99 ya watakaoguswa walikuwa wanapata chini ya dola 100 kwa mwaka, na asilimia 90 walipata chini ya dola 2.50 mwezi uliopita.

Hiyo namba waliitoa kama ya kutuliza watu, kwamba msijali hao walikuwa hawapati kitu. Kuna ukweli, tena kwa utaratibu wa malipo hela haitumwi mpaka salio lifike dola 100, kwahiyo wengi wao walikuwa hawajawahi hata kuigusa. Na upande wa usalama nawaelewa pia, kabla ya hapo mtu angeweza kuiba video, akafungua chaneli, akavuna wiki mbili akapotea, saa 4,000 zinamchelewesha sana mtu wa hivo. Lakini isome namba hiyo kwa upande wa pili: majina yaliyopigiwa kelele miezi ile kumi na mbili, PewDiePie na Logan Paul, hayakuwa ya dola 2.50. Walikuwa wakubwa, na wakubwa walivuka kigezo usingizini.

Je YouTube waliumia? Mwanzoni mwa 2020 Alphabet, mama wa Google, kwa mara ya kwanza walifungua mahesabu ya matangazo ya YouTube. 2017, mwaka wa kiama, dola bilioni 8.15. 2018 bilioni 11.16. 2019 bilioni 15.15. Kwahiyo hela iliyoondoka ilirudi, tena na nyingine juu. Walioondoka wengine walirudi kimya kimya ndani ya miezi, AT&T walikaa nje karibu miaka miwili wakarudi Januari 2019, mwezi uliofuata ukaibuka tena mjadala wa komenti kwenye video za watoto wakaondoka tena pamoja na Disney na Nestlé. Ila hela iliporudi haikurudi kwa mpangilio ule ule. Ilirudi kwa walio salama machoni pa mnunuzi, mapishi, vifaa, biashara, na mtu wa habari ngumu au vichekesho vya matusi akabaki na dola ya njano kama rafiki wa kudumu. Ndo kipindi ambacho kuna watu waliacha kuhesabu matangazo kama mshahara wakaanza kusoma udhamini wenyewe ndani ya video, kuomba mashabiki wachangie kupitia tovuti ya Patreon, na YouTube nao kuanzia 2018 wakasambaza uanachama wa kulipia kwenye chaneli.

Kuna kipande cha mwisho watu wanakisahau. Novemba 2020 YouTube walibadilisha masharti ya matumizi, wakaanza na Marekani alafu 2021 nchi nyingine, kwamba wana haki ya kuweka matangazo kwenye video yoyote, pamoja na za chaneli ambazo hazimo kwenye mpango wa washirika. Na kama haumo kwenye mpango, mgao haupo. Soma tena taratibu: chaneli ndogo zilitolewa 2018 kwa hoja ya kuwalinda wenye matangazo, na karibu miaka mitatu baadae matangazo yamerudi kwenye chaneli hizohizo, bila asilimia 55. Mwaka 2023 wakaongeza ngazi ya chini inayoanzia wafuasi 500, watu wakashangilia, ila ngazi hiyo inafungua michango ya mashabiki na uanachama, mgao wa matangazo haumo. Ule bado unataka wafuasi 1,000 na saa 4,000, au badala ya saa hizo video fupi zitazamwe mara milioni 10 ndani ya siku 90, na kwenye video fupi mgao wako unageuka asilimia 45. Kwahiyo ukiona tangazo kwenye video ya mtu mwenye wafuasi mia tatu usimwambie hongera umeanza kulipwa.